Futi au Altrasaundi? Mjadala wa Kupima Misuli ya Shavu la Mguu

MWANDISHI: Hoja iliyo mezani ni hii: kila kitengo cha fiziotherapia kinachohudumia watu waliovunjika mguu, waliokatika kano ya kisigino, waliopatwa na kiharusi au waliolala kitandani kwa wiki nyingi, kiwe na njia ya kupima misuli ya chini ya goti kwa altrasaundi, na mpimaji awe mfiziotherapia mwenyewe. Naiunga mkono hoja hiyo. Sababu yangu kubwa ni moja, na yote nitakayosema yanaitegemea. Kazi ya utengamao ni kurudisha kilichopotea, na aliyepewa kazi hiyo anapaswa kujua ni nini kilichopotea, kiasi gani na mahali gani. Miongoni mwa vipimo vya kawaida vinavyofanyika kando ya kitanda, altrasaundi ndiyo inayoutenga msuli na vitu vingine vyote vilivyomo mguuni, ikamwonyesha mtaalamu msuli wenyewe.

Nimechagua shavu la mguu kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo hasara huanza mapema na kwenda mbali. Juu kuna msuli wa gastroknemiasi wenye vichwa viwili, chini yake kuna soliasi, ulio mkubwa kuliko misuli yote ya chini ya goti, na yote miwili huishia kwenye kano moja nene nyuma ya kisigino. Misuli hiyo ndiyo inayousukuma mwili mbele katika kila hatua. Ikikosa uzito wa mwili wa kubeba, hukonda upesi. Katika jaribio lililofanyika Toulouse, Ufaransa, ambamo watu wenye afya walilazwa kitandani kwa siku 90, Alkner na Tesch walieleza mwaka 2004 kwamba misuli ya nyuma ya shavu la mguu ilipungua kwa takriban asilimia 29, ilhali misuli ya mbele ya paja ilipungua kwa takriban asilimia 18. Utafiti mwingine wa kulaza watu kwa wiki tano, uliochapishwa mwaka 2008, ulitumia altrasaundi na kuonyesha kuwa gastroknemiasi ilikonda huku msuli wa mbele, ulio kando ya muundi, ukibaki karibu ulivyokuwa. Mguu ni mmoja, mapumziko ni yaleyale, lakini misuli yake miwili ina hatima tofauti. Kipimo kisichoweza kutofautisha misuli hiyo hakitufai kuongoza tiba.

MTETEZI WA FUTI: Ndugu mwandishi, umesema vizuri, lakini umesahau kuwa futi ya kupimia ipo katika kila mfuko wa koti jeupe. Bei yake ni ndogo, haihitaji umeme, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huijua kwa dakika tano. Tena si chombo cha kubezwa. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa Asia wanaoshughulikia kupungua kwa misuli uzeeni waliweka mzingo wa shavu la mguu kuwa kipimo cha kuchuja wagonjwa: chini ya sentimita 34 kwa mwanamume na chini ya 33 kwa mwanamke. Kama wao wanaiamini, kwa nini sisi tuikatae?

MWANDISHI: Siikatai, naiweka mahali pake. Wataalamu wale waliitumia futi kama chujio la kuwapata wazee wa kupimwa zaidi kwa vyombo vingine, na kwa kazi hiyo inafaa. Tatizo huanza tunapoitaka ifuatilie mgonjwa mmoja, wiki hadi wiki, na kutuambia kama mazoezi yanafanya kazi. Futi huzunguka ngozi, mafuta, maji ya uvimbe, mifupa miwili na misuli yote ya mbele na nyuma, kisha hutoa namba moja. Tufanye hesabu. Chukua mguu wenye mzingo wa sentimita 36. Tuseme kichwa cha ndani cha gastroknemiasi kina unene wa milimita 20 na kimeshika robo ya mzingo huo. Kikikonda kwa milimita 2, kimepoteza sehemu ya kumi ya unene wake, hasara ambayo mgonjwa ataihisi kwenye ngazi. Lakini mzingo wa mguu mzima utapungua kwa takriban milimita 3 tu, yaani chini ya asilimia 1. Mpimaji akiikaza futi kidogo zaidi, au akiisogeza juu kwa upana wa kidole, anaweza kuzipata au kuzipoteza milimita hizo 3 bila msuli kubadilika hata chembe.

Zaidi ya udogo wa mabadiliko, futi hudanganywa na vitu viwili ambavyo ni vya kila siku katika utengamao. Cha kwanza ni uvimbe. Mguu uliotoka kwenye hogo baada ya wiki sita unaweza kuwa umejaa maji huku msuli umenyauka ndani yake, na futi ikasoma kwamba hali ni njema. Cha pili ni msuli jirani kuchukua kazi ya mwenzake. Watafiti wa Finland waliowapima kwa MRI watu waliowahi kukatika kano ya kisigino, kwa wastani miaka 14 baada ya ajali, walikuta soliasi na kichwa cha ndani cha gastroknemiasi vikiwa vimepungua kwa takriban asilimia 13 ukilinganisha na mguu usioumia, ilhali msuli mrefu unaokunja kidole gumba cha mguu ulikuwa umekua kuliko kawaida. Mwili ulitafuta njia ya mkato, na futi hujumlisha hasara na fidia katika namba moja. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1980 Archie Young na wenzake wa Oxford walipima misuli ya paja kwa altrasaundi, wakaonyesha kwamba mzingo wa paja huonyesha upungufu mdogo kuliko ule uliopo kwenye msuli wenyewe.

MTETEZI WA NGUVU: Mimi sina haja na futi, wala sina haja na picha. Mgonjwa hakuja hospitali ili awe na msuli mnene. Amekuja ili atembee, apande daladala, arudi shambani au kazini. Mpe jaribio la kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja, uhesabu. Lunsford na Perry mwaka 1995 walipendekeza mara 25 kuwa kiwango cha mtu mwenye afya. Akifika huko, amepona. Asipofika, aongezewe mazoezi. Pia, tangu Moritani na deVries waandike mwaka 1979, tunajua kuwa katika wiki za mwanzo za mazoezi nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuuamsha msuli, kabla msuli wenyewe haujanenepa. Picha itasema hakuna kilichobadilika wakati mgonjwa ameshaanza kupata nguvu. Je, si itamvunja moyo?

MWANDISHI: Ndugu mtetezi, mwisho wa safari umeutaja sawasawa: mgonjwa atembee. Wala sipendekezi picha ichukue nafasi ya jaribio la kisigino. Nasema jaribio hilo hutuambia kuwa kuna udhaifu, lakini halituambii udhaifu umetoka wapi, na tiba hufuata chanzo. Wafikirie wagonjwa watatu ambao kila mmoja amenyanyua kisigino mara nane akakwama. Wa kwanza msuli wake umekonda. Anahitaji mzigo wa kuongezwa hatua kwa hatua, pamoja na chakula chenye protini ya kutosha. Wa pili msuli wake una unene wa haja, ila mishipa ya fahamu haiuamshi vizuri; huyu anahitaji mazoezi ya kuuamsha, na pengine uchunguzi wa mishipa. Wa tatu alikatika kano, ikapona ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa. Silbernagel na wenzake walionyesha mwaka 2012 kuwa upungufu wa kimo ambacho kisigino hufikia unakwenda sambamba na kurefuka kwa kano. Mwaka 2019 Hullfish, O'Connor na Baxter walitumia altrasaundi kuwafuatilia watu katika mwezi wa kwanza baada ya kano kukatika, wakaona kuwa mafungu ya nyuzi za gastroknemiasi yalikuwa mafupi na yamelala kwa pembe kubwa zaidi. Ina maana kwamba umbo la msuli lilikuwa limeshabadilika katika wiki za mwanzo, muda mrefu kabla mtu hajaruhusiwa kujaribu kusimama kwa ncha ya mguu mmoja. Kumwongezea mgonjwa wa tatu zoezi lilelile la wa kwanza ni kumchosha bila kumtibu.

Kuhusu nguvu kutangulia unene, hiyo ni sababu ya kupima vyote viwili. Nguvu zikipanda na unene ukabaki palepale katika wiki ya tatu, mtaalamu anajua kuwa mishipa ya fahamu imeanza kuitikia na kazi ya kujenga msuli bado ipo mbele. Hapo mgonjwa huelezwa hivyo, na maelezo ya kweli hayamvunji mtu moyo. Unene ukiwa haujapanda hata baada ya miezi mitatu ya mazoezi, hilo ni onyo kwamba mzigo ni mdogo, chakula hakitoshi, au kuna jambo jingine la kuchunguza. Hata hivyo ukubwa na nguvu si wageni kwa kila mmoja. Ikai na Fukunaga wa Japani, mwaka 1968, waliwapima watu 245 kwa altrasaundi kwenye misuli inayokunja mkono, wakakuta nguvu kwa kila sentimita ya mraba ya msuli ikiwa kwa wastani kilo 6.3, bila tofauti kubwa kati ya mwanamume na mwanamke au mkubwa na mdogo. Msuli ukipungua, uwezo wa juu wa nguvu umepungua, hata kama mgonjwa ana ari kiasi gani.

Tena tusiwasahau wasioweza kufanya jaribio lolote. Mgonjwa mahututi aliyelala na mashine ya kupumulia hawezi kunyanyua kisigino. Puthucheary na wenzake nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walimpima kila mgonjwa kwa altrasaundi kwenye msuli wa mbele ya paja, wakaona eneo la msuli likipungua kwa asilimia 17.7 ndani ya siku 10. Upungufu huo ulikuwa ukitokea kwa watu ambao hawakuweza kumsukuma daktari mkono, na ambao mara nyingi miili yao huwa imevimba maji. Mtoto wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo naye hatakuhesabia visigino 25. Barber na wenzake wa Australia, mwaka 2011, waliwapima watoto wa miaka 2 hadi 5 wenye hali hiyo, wakakuta ujazo wa kichwa cha ndani cha gastroknemiasi ukiwa pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na wa watoto wengine, ilhali urefu wa mafungu ya nyuzi haukutofautiana. Matokeo hayo yanagusa tiba moja kwa moja: anayedhani tatizo la mtoto huyo ni ufupi wa nyuzi pekee atamnyoosha tu, anayejua kuwa msuli ni mdogo tangu utotoni atatafuta pia namna ya kuukuza.

MTAALAMU WA RADIOLOJIA: Naogopa jambo jingine. Altrasaundi humtegemea mwenye kuishika. Ukikandamiza kichwa cha kupimia, msuli unabonyea na unaonekana mwembamba. Ukikiinamisha, picha inageuka. Mgonjwa akikaza mguu, nyuzi zinafupika na pembe yake inakaribia kuongezeka maradufu. Weupe wa msuli, unaosemwa kuwa dalili ya mafuta na makovu ndani yake, hubadilika kwa kugeuza kitufe kimoja cha mashine. Sisi tunasomea kazi hii kwa miaka. Leo mfiziotherapia akipewa mashine, kesho ataona doa akaliita uvimbe mbaya, au atapima unene wa shavu la mguu lililojaa damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa asitambue, na mgonjwa akafa.

MWANDISHI: Daktari, hofu yako ina msingi, na ndiyo maana mipaka iliwekwa mapema. Wataalamu walipokutana San Antonio, Texas, mwezi Mei 2006, kuweka misingi ya altrasaundi ya utengamao, walitenganisha kazi mbili. Kutafuta ugonjwa ni kazi ya radiolojia. Kupima umbo la msuli na jinsi unavyofanya kazi wakati wa mazoezi ni kazi ya utengamao. Mfiziotherapia hapaswi kuandika utambuzi wa ugonjwa kutokana na picha yake, na shavu la mguu lililovimba ghafla, lenye joto na maumivu, halipimwi unene. Mgonjwa hupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo. Sheria hiyo inapaswa kubandikwa ukutani juu ya mashine. Na tukumbuke kuwa wajibu huo tayari uko mikononi mwa mfiziotherapia anayetumia futi. Kushika altrasaundi hakuuongezi wala hakuupunguzi.

Kuhusu mkono wa mpimaji, dawa yake ni utaratibu mmoja unaofuatwa na wote. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na English, Fisher na Thoirs mwaka 2012, na ya Kwah na wenzake mwaka 2013 kuhusu urefu na pembe ya nyuzi, yanaonyesha kuwa vipimo hivi hurudiwa kwa uthabiti mzuri pale masharti yanapofuatwa. Kundi la Ulaya liitwalo SARCUS lilitoa mwongozo wa vipimo kwa wazee mwaka 2018, likauhuisha mwaka 2021. Kwa gastroknemiasi utaratibu wenyewe unaeleweka. Mgonjwa alale kifudifudi, apumzike dakika kadhaa maji ya mwilini yatulie, nyayo zikining'inia nje ya kitanda na kifundo cha mguu kikiwa katika pembe moja kila mara. Upimwe urefu kutoka mkunjo wa nyuma ya goti hadi kifundo cha nje, na alama iwekwe kwenye asilimia 30 kutoka juu, mahali ambapo shavu la mguu ni nene. Jeli iwe nyingi, kichwa cha kupimia kiguse ngozi bila kuikandamiza, picha zipigwe tatu na wastani uandikwe pamoja na mipangilio ya mashine. Kila kituo kijipime chenyewe kwanza kwa watu wenye afya, kijue makosa yake ni milimita ngapi, na mabadiliko yaliyo chini ya kiwango hicho yasiitwe maendeleo wala kurudi nyuma. Weupe wa msuli, nakubaliana nawe, usilinganishwe kati ya mashine mbili tofauti. Na soliasi, kwa kuwa imejificha chini na nyuzi zake zina mpangilio mgumu, ipimwe na aliyezoea.

MHASIBU WA HOSPITALI: Mnazungumza kana kwamba fedha zinaokotwa. Shirika la Afya Duniani linasema ziko nchi za kipato cha chini na cha kati zenye wataalamu wa utengamao chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Nikipata fedha, niajiri mtaalamu au ninunue mashine?

MWANDISHI: Ajiri mtaalamu kwanza. Hapo sina ubishi: mashine isiyo na mtu wa kuitumia haimnyanyui mgonjwa kitandani. Lakini swali hilo linadhani kuwa mashine ni lazima iwe mpya na ya kitengo kimoja. Altrasaundi imeingia katika vituo vingi vya afya kwa mlango wa wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24. Kinachohitajika mara nyingi ni kichwa cha kupimia kilichonyooka, chenye mawimbi ya masafa ya juu, kwa kuwa kile cha mviringo cha kumwangalia mtoto tumboni hakionyeshi vizuri msuli ulio karibu na ngozi. Mashine za mkononi nazo zimeshusha bei. Butterfly iQ, inayounganishwa na simu, iliingia sokoni mwaka 2018 kwa chini ya dola 2,000, na mwaka 2022 ruzuku ya dola milioni 5 kutoka Wakfu wa Bill na Melinda Gates ililenga kuwafikishia wakunga mashine 1,000 Afrika, ikianzia Kenya. Kipimo cha shavu la mguu huchukua dakika chache, na mgonjwa hahitaji kupimwa kila siku: siku ya kwanza, katikati ya tiba na mwishoni inatosha kwa wengi.

Na wahitaji si wachache. Utafiti wa kiharusi uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kuwa Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, ilikuwa na zaidi ya watu 300 wanaopatwa na kiharusi kwa mwaka katika kila watu 100,000. Ongeza majeruhi wa bodaboda wanaojaza wodi za mifupa. Wagonjwa hawa hutumia nauli kubwa kuja kliniki. Kuwapa zoezi lisilowafaa kwa miezi miwili ni gharama pia, ingawa haionekani katika daftari la mhasibu kwa sababu inalipwa na familia.

MTETEZI WA NGUVU: Bado una deni moja. Umeonyesha kuwa altrasaundi inaona. Hujaonyesha kuwa mgonjwa anayepimwa nayo hutembea mapema kuliko asiyepimwa.

MWANDISHI: Hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote, na sitalikwepa. Ushahidi mwingi uliopo unahusu usahihi wa kipimo na yale yanayotokea ndani ya msuli. Haujajengwa juu ya kulinganisha kasi ya kupona kati ya waliopimwa na wasiopimwa. Lakini pingamizi hilo halimpi mshindi futi, kwa kuwa nayo hatukuipokea kwa sharti hilo, wala kipimo cha nguvu kwa mkono chenye alama 0 hadi 5 ambacho tumekirithi tangu miaka ya 1940. Hakuna kipimo kinachoponya chenyewe. Kipimo huponya kwa njia ya uamuzi, na kisichobadilisha uamuzi wowote ni mapambo. Kwa hiyo nakubali sharti hili litiwe ndani ya hoja yenyewe: altrasaundi ipigwe pale tu ambapo mtaalamu amekwisha kuandika atafanya nini iwapo msuli umekonda, na atafanya nini tofauti iwapo haujakonda. Kituo kitakachofuata sharti hilo kitakuwa na kumbukumbu za kutosha kujibu swali lako kwa wagonjwa wake.

Hukumu yangu, baada ya kuwasikiliza wote, ni hii. Futi ibaki kuwa chujio. Jaribio la kisigino libaki kuwa mwamuzi wa mwisho wa kazi ya mguu. Altrasaundi iwekwe katikati ya hivyo viwili, ieleze chanzo cha udhaifu na iwahudumie wasioweza kusimama. Ianze katika hospitali za rufaa zenye wafiziotherapia wa kutosha, chini ya mwongozo mmoja ulioandikwa pamoja na wenzetu wa radiolojia. Vyuo vinavyofundisha fiziotherapia, kama vya KCMC kule Moshi na KMTC nchini Kenya, viifundishe kwa vitendo pamoja na mipaka yake. Nawe mfiziotherapia unayesoma haya, kama mashine ipo katika jengo unalofanyia kazi, omba saa moja kwa wiki kuitumia, na uanze na mgonjwa anayetoka kwenye hogo wiki hii.